Anayekusudia Kuondoka

Kazi yake ilikuwa kuuliza maswali na kutoshtushwa na majibu. Sehemu ya kwanza anaiweza yeyote, hata mtoto wa miaka mitatu. Ya pili ndiyo iliyomlisha. Mtu akimwambia kwamba kaya yake ya watu tisa inatumia ndoo mbili za maji kwa siku, aliandika. Akimwambia kwamba mume wake alitoka kununua vocha ya simu mwaka juzi na hajarudi, aliandika vilevile, kisha akauliza kama huyo mume ahesabiwe miongoni mwa wanaolala nyumbani. Usoni hakuonyesha kitu. Wenzake walisema uso ule ungepakwa chokaa, ungefaa kuwa ukuta.

Mtaani walimwita Mama Maswali. Ofisini alikuwa Mdadisi Mkuu, cheo kilichokuja bila chumba na bila kiti, ila kikiwa na haki ya kulaumiwa kwanza gari likikwama njiani. Ofisi yenyewe ilikuwa kituo cha utafiti wa sera, ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae. Wafadhili waliwahi kuwaletea meza ya mikutano ambayo ilishindwa kupita kwenye ngazi. Ikapandishwa kwa kamba na kuingizwa dirishani, umati ukitazama, na tangu siku hiyo watu wa mtaa ule waliamini kwamba mle ndani kunafanyika jambo kubwa.

Hakuwa ameisomea kazi. Baada ya sekondari alikuwa akichapa barua na kadi za mialiko kwenye duka la steshenari. Siku moja kituo kilileta madodoso yake yarudufiwe pale, na mdadisi wao mmoja alikuwa ameacha kazi asubuhi hiyohiyo kwa kufukuzwa na mbwa. Binti wa steshenari akaulizwa kama anaogopa mbwa. Akasema haogopi hata kidogo. Alikuwa akiwaogopa kama kifo. Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye utafiti: kwa jibu lisilo la kweli, lililotolewa kwa uso mkavu na kupokewa kama lilivyo.

Nchi ilikuwa na matatizo mengi, na kila tatizo lilikuwa na dodoso lake. Aliuliza kuhusu maji, mahari, ada za shule, vyandarua, mbolea, na muda mrefu sana kuhusu vyoo. Mume wake, fundi wa mafriji, alipenda kuwaambia wateja: "Mke wangu anavijua vyoo vya mji mzima. Cha kwetu kimeziba tangu juzi, nadhani anasubiri sampuli."

Kazi ikikaa na mtu sana, humfuata nyumbani kama harufu ya samaki inavyomfuata mchuuzi. Mdadisi mzuri hapingi jibu la mhojiwa, halisifu, halisukumi upande huu wala ule. Anasema tu, "Haya, nimesikia," kisha anaendelea. Yeye akawa anasema hivyo kwa kila mtu. Fundi alipomwambia kwamba anataka kumuoa, alijibu, "Haya, nimesikia. Kuna jambo lingine ungependa kuongeza?" Fundi alikisimulia kisa hicho kila palipokuwa na watu zaidi ya wawili. Alisema alikwenda nyumbani akakaa siku kadhaa bila kujua kama amekubaliwa au ameandikwa.

Mama yake fundi alikuja mjini kutibiwa jicho. Alikuja na sanduku la bati, akakataa kulifungua. "Sikuja kuhamia," alisema. "Nikiondolewa huu ukungu naondoka." Akatandikiwa kitanda cha kukunja sebuleni, nyuma ya kabati, kama anavyotandikiwa mtu wa kupita. Jicho likapasuliwa, likapona, na kitu cha kwanza alichokiona vizuri ni vumbi lililokuwa chini ya kabati hilo. Akalisema. Mkwe akasema, "Haya, mama." Kuanzia hapo hawakupumzika.

Walizozana kuhusu chumvi, kuhusu madirisha, kuhusu binti mdogo wa nyumba hiyo kuoga asubuhi au jioni. Hawakupandishiana sauti. Ulikuwa ugomvi wa adabu, wa maneno mawili matatu yanayowekwa mezani pamoja na vyombo. "Mboga hii imepikwa na mtu mwenye haraka," angesema mama mkwe, kisha angeomba aongezewe. Huku mambo ya nyumba yakamhamia polepole bila mtu kuyahamisha. Yeye ndiye aliyempokea mjukuu akitoka shule, aliyembana muuza maji, aliyekaa kwenye kibaraza cha karakana na kuwapanga wateja wa mwanawe kwa utaratibu wake mwenyewe. Mteja mpole aliambiwa fundi yupo. Mteja mwenye kelele aliambiwa fundi amesafiri, na fundi, akiwa ameinama nyuma ya friji hatua chache kutoka hapo, alilazimika kusafiri kimyakimya mpaka mteja aondoke.

Na kila baada ya muda mama mkwe alitangaza kuondoka. Mvua zikianza naondoka. Mvua zikiisha naondoka, sasa barabara ni tope. Mtoto akimaliza mitihani naondoka. Alitangaza wakati wa kula, mkwe akiwa anapakua, na alitangaza akimtazama mkwe, si mwanawe.

"Haya, mama," alisema mkwe. "Nimesikia."

Hivyo miaka ikapita, wa kwanza, wa pili, sasa ulikuwa wa nne. Sanduku lilikuwa limewekewa kitambaa, juu ya kitambaa redio, na juu ya redio picha ya harusi.

*

Mwaka huo kituo kilipewa kazi na wizara. Kulikuwa na posho ya wazee, iliyokuwa ikilipwa vijijini tu, na wizara ilitaka kujua kama iletwe mijini pia. Kabla ya kuamua ilitaka kujua wazee wa mjini wako wangapi, wanaishi na nani, nani anawatunza. Mkurugenzi wa kituo, aliyeitwa Daktari ingawa hakuwahi kumpima mtu homa, aliita wadadisi wote mafunzoni kuzunguka ile meza iliyopita dirishani.

Mafunzo yalikwama mahali palepale yanapokwama siku zote: nani ni mwanakaya na nani ni mgeni. Kaya ni wale wanaolala chini ya paa moja na kula chungu kimoja. Hilo kila mdadisi analijua hata akiamshwa usingizini. Lakini yule mpwa aliyekuja kutafuta kazi? Yule shangazi aliyekuja harusini, na harusi imekwisha zamani, na watoto wa harusi hiyo wameanza kutambaa? Wadadisi vijana walibishana mpaka chai ikapoa.

Ndipo Mdadisi Mkuu alipoinua mkono. Ameyaona haya miaka mingi, alisema. Kuhesabu miezi peke yake hakutoshi. Mwulizeni mtu mwenyewe. Mgeni ni yule ambaye hajatimiza miezi sita, au yule anayekusudia kuondoka.

Daktari aliweka kalamu chini. "Kusudio," alisema, kama mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu. "Tunaheshimu kusudio la mhojiwa. Hatumwamulii. Safi sana!" Kifungu kikaingia kwenye mwongozo, ukurasa wa nne, na wadadisi wakapiga makofi, hasa kwa sababu sasa wangeweza kwenda kula.

Miezi michache baadaye majibu yalikusanywa, yakasafishwa, yakachorwa. Daktari alimwita Mdadisi Mkuu na kumgeuzia kompyuta. Kwenye mchoro, watoto walisimama kama mnara, vijana kama mnara mwingine, watu wa makamo kama nyumba ya kawaida. Wazee walikuwa kama kizingiti.

"Unaona?" alisema Daktari.

"Naona."

"Hawapo! Mji hauna wazee. Wanarudi vijijini. Sote tulidhani kinyume." Uso wake uling'aa, mtafiti hufurahia kugundua kitu hata kitu chenyewe kikiwa ni kutokuwepo. "Maana yake posho haina haja ya kuja mjini. Wizara itafurahi pia, kwa sababu zake. Ila wanataka uhakiki. Chukua nyumba chache, zirudie, uniletee kabla ya wiki kwisha."

"Haya, nimesikia," alisema Mdadisi Mkuu.

Alipofika nyumbani siku hiyo alikuta redio imewekwa sakafuni na picha ya harusi imeegemezwa ukutani. Mama mkwe alikuwa akilifuta sanduku kwa kitambaa kibichi, taratibu, kona moja baada ya nyingine.

"Kaka amepiga simu," fundi alimwambia mkewe jikoni, sauti ya chini. Kaka yake mkubwa ndiye aliyekaa kwenye mji wa wazazi wao kijijini. "Kapata gari la kuazima. Jumamosi anakuja kumchukua mama."

"Kumchukua kwa nini?"

"Mama mwenyewe kamwambia aje. Kasema amekaa vya kutosha." Fundi alikwangua rangi ya kutu kwenye ukucha. "Wewe unasemaje, mama watoto?"

Alikuwa na mengi ya kusema. Alitaka kusema kwamba mtoto atalia, kwamba karakana itavamiwa na watu wenye kelele, kwamba yeye akienda kazini mikoani nyumba hii inasimama kwa mgongo wa mwanamke yule. Alitaka kusema kwamba hataki aende. Neno lilifika mpaka kwenye meno, likakuta ule ukuta.

"Kama mhusika ameamua mwenyewe," alisema, "sisi ni nani?"

"Nami nimesema hivyohivyo," alisema fundi kwa huzuni, akarudi kwenye friji.

*

Nyumba ya kwanza ya uhakiki ilikuwa na mlango wa bluu na mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Kwenye majibu ya awali kaya hii ilikuwa na watu wanne, mzee hakuna. Kwenye kivuli cha nyumba alikaa mzee akichambua mchele, na aliuchambua kama mtu mwenye hatimiliki.

"Huyu ni nani?" aliuliza Mdadisi.

"Mama yangu mzazi. Mgeni."

"Amekuja lini?"

Mwanamke alimtazama mama yake. Mama alimtazama mtoto mgongoni. "Huyu kaka yake alikuwa bado hajaota meno," alisema mzee. Kaka mwenyewe alipita mbio wakati huo akiwa amevaa sare za shule.

Mdadisi aliandika. Uso haukubadilika, ila kidole chake kilikaa juu ya kishikwambi kwa muda kabla ya kugusa.

Nyumba ya pili kulikuwa na babu wa kupita tu, aliyepita kwa muda wa kutosha kujenga banda la kuku na kulioteshea ua. Nyumba ya tatu bibi alikuwa njiani kurudi kwao tangu kabla ya barabara ya lami. Kila mmoja aliulizwa lile swali la ukurasa wa nne, na kila mmoja alikusudia kuondoka. Walikusudia kwa dhati. Walitaja mavuno, mvua, mitihani. Mdadisi alitoa mwongozo mkobani, akakisoma tena kifungu chake. Kizingiti kile cha Daktari hakikuwa cha mji. Kilikuwa chake, alikijenga kwa mkono wake mwenyewe, akapigiwa makofi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mshona viatu. Mke wa mshona viatu alikuwa ametoka, na nyumba alikuwa nayo mama yake mshona viatu, mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alikuwa akifua kwenye beseni chini ya bomba.

"Karibu, mama wa serikali."

"Si serikali, mama. Ni utafiti."

"Wote mnakuja na viatu vizuri. Kaa hapo kwenye ndoo. Uliza."

Aliuliza. Alipofika kwenye lile swali, bibi alijibu bila kuinua macho: "Mimi naondoka mwezi ujao."

"Mama," alisema Mdadisi. Akasita. Kilichofuata hakikuwa kwenye dodoso. "Unaondoka kweli?"

Bibi aliacha kufua. "Wewe vipi? Nani kakwambia naondoka?"

"Wewe. Sasa hivi."

"Nimesema, ndiyo. Kusema si kuondoka." Alilikamua shati kama anamkamua mtu shingo. "Sikiliza, mwanangu. Nakula kwa mwanangu, nalala kwa mwanangu, jiko la mke wake, chumvi ya mke wake. Nikikaa kimya nikanywea tu humo, nitakuwa nani? Kabati. Basi nasema, naondoka mwezi ujao. Mkwe anasema, aa, mama, unakwenda wapi, nani atanisaidia na hawa watoto, tafadhali kaa. Nasema haya, nakaa kidogo, kwa ajili yako. Basi nimekaa kwa heshima. Nimeombwa! Mwezi ujao tunaanza tena."

"Kila mwezi?"

"Akisahau kuniomba namkumbusha, naanza kutafuta viatu." Alicheka mwenyewe. "Ndivyo wazee wote. Hodi yetu hiyo. Kwani wewe huna mkwe?"

"Ninaye mama mkwe. Tunaishi naye."

"Haya. Akisema anaondoka, unamjibuje?"

Mdadisi alifunga kishikwambi. "Namwambia, haya, mama. Nimesikia."

Shati lilidondoka kwenye beseni. Bibi alicheka mpaka akashikilia bomba, bomba likafunguka, maji yakamrukia, akaendelea kucheka. Mshona viatu alichungulia kutoka kibandani kuona nani amekufa.

"Na yeye anasemaje?"

"Hasemi kitu. Anatangaza tena baada ya muda."

"Miaka mingapi?"

"Wa nne huu."

"Mungu wangu! Mama wa watu ana roho ya chuma." Sasa alikuwa ameacha kucheka, anamtazama mgeni wake kwa huruma kama mtu anavyomtazama aliyevaa nguo nje ndani. "Mwanangu, wewe unamfukuza. Kwa adabu kabisa, lakini unamfukuza. Miaka minne unamfungulia mlango, ye hatoki, unamfungulia tena."

"Jumamosi anaondoka," alisema Mdadisi. "Anakuja kuchukuliwa."

"Basi unakaa kwenye ndoo yangu unafanya nini?"

*

Ijumaa alikwenda kwanza kwa Daktari, kwa sababu hilo lilikuwa jepesi. Alimwambia kwamba wazee wapo, wamejaa, wanachambua mchele, na kwamba kosa ni kifungu cha ukurasa wa nne, na kifungu ni chake.

"Lakini wamesema wenyewe wanaondoka," alisema Daktari.

"Wamesema. Ni kama mtu akikuuliza habari za asubuhi ukamwambia nzuri. Huwezi kwenda kuandika kwamba nchi haina shida."

Daktari aliutazama mnara wake wa watoto, akautazama mnara wa vijana, akakitazama kizingiti chake kwa majonzi ya mtu anayeagana na mtoto mpendwa. "Kilikuwa kifungu kizuri," alisema mwishowe. Akakiondoa, akaamuru hesabu zirudiwe kwa miezi peke yake. Mchana wazee walichipuka kwenye mchoro, wakafika karibu na watu wa makamo. Wizara iliandikiwa kwamba ripoti itachelewa. Wizara ikajibu kwamba uamuzi pia utachelewa, jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote. Kabla ya saa za kazi kwisha Daktari alikuwa ameanza kuandika makala mpya, juu ya heshima na ugeni, na uso wake ulikuwa umeanza kung'aa tena.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Jioni ile mama mkwe hakutangaza kitu. Alikula, akaishukuru chumvi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuisifu, na mkwe alipomwona anafuta mikono bila neno la kuongeza, alijua kwamba mambo yamefika pabaya. Alifungua mdomo. Ikatoka, "Unahitaji maji ya kuoga, mama?" Mama hakuhitaji.

Jumamosi shemeji alifika kabla ya jua kupanda, na gari la kuazima lenye tenga la kuku nyuma. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya kujaza ua.

"Shemeji! Hebu ona mlivyomnenepesha! Huyu mtu atanivunjia springi, si gari langu!"

"Karibu, shemeji."

"Nimekwishakaribia, nataka kuondoka kabla ya jua kali. Mama, uko tayari? Fundi, shika huko, mimi nashika huku."

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya sanduku, amejifunga khanga ya safari, mikono juu ya magoti. Mjukuu alikuwa amemkumbatia kiuno.

"Mke mwenzangu, niachie," bibi alimtania, akimtupia fundi jicho. "Utabaki na mume wetu peke yako, umshinde."

Mtoto hakucheka. Fundi alishika mkono wa sanduku bila kulinyanyua, maana mama yake alikuwa bado juu yake, na yeye hakuwa mtu wa kumwambia mama yake ainuke. Wote wakabaki hivyo kwa muda, kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

Mkwe alisogea mbele. Alikuwa na sentensi. Aliipanga usiku kucha. Lakini mdomo ulikuwa na mazoea yake.

"Mama," alisema, "unajisikiaje kuhusu safari hii?"

Mama mkwe alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani, kwa jicho lile lililopona.

"Unaniuliza au unaniandika?"

Shemeji alicheka. Hakuna aliyemuunga mkono, akaacha.

"Naku..." Katika kazi yake kuna dhambi kubwa kuliko zote, swali la kumwonyesha mtu jibu unalolitaka. Alikuwa amewasimamisha kazi vijana wawili kwa dhambi hiyo. "Hutaki kwenda, mama. Sivyo?"

"Nani kasema?"

"Mimi. Na mimi sitaki uende. Usiende."

"Sikusikia," alisema mama mkwe. "Jicho lilipona, masikio hayajaenda hospitali."

"Usiende!"

Sauti ilitoka kubwa mpaka kuku kwenye tenga wakashtuka huko nje. Fundi aliuachia mkono wa sanduku na kumtazama mkewe kama anamwona kwa mara ya kwanza, na pengine ndivyo ilivyokuwa.

"Kwa nini nisiende?" aliuliza mama mkwe kwa utulivu. Sasa ni yeye aliyekuwa na dodoso.

"Mtoto atakulilia."

"Mtoto ana mama."

"Wateja watamla fundi mzima."

"Fundi ana miguu, akimbie. Mambo ya mtoto na fundi nimeyasikia. Wewe je?"

Mkwe alikaa chini, sakafuni, kando ya redio. "Mimi," alisema, "nikitoka kazini nimechoka, nimeambiwa majibu ya watu wote, naingia hapa najua kuna mtu mmoja ataniambia mboga ina haraka. Ukienda nitagombana na nani? Huyu?" Alimwonyesha fundi kwa kidevu. "Huyu anakubali kila kitu."

"Kweli nakubali," alisema fundi.

Midomo ya mama mkwe ikaanza kuchezacheza, akaificha kwa ncha ya khanga. "Mkwe wangu," alisema, "miaka minne nakupa kamba hii uishike. Nilidhani umekatwa mikono."

"Nisamehe, mama. Nilidhani unanipa taarifa."

"Taarifa!" alisema mama mkwe, akamgeukia mwanawe mkubwa kama anamwita kutoa ushahidi. "Umesikia?"

"Nilichosikia ni kwamba nimechoma mafuta bure," alisema shemeji. "Watu kijijini wanasema nimemtupa mama yangu mjini. Nirudi na nini sasa? Na kuku wangu?"

"Hukuja bure, umemwona mama yako. Hao watu waambie nimekataliwa kuondoka. Waambie hivyohivyo: nimekataliwa. Nyumba yangu mpe yule mwalimu anayetafuta pa kupanga, na asikate mti wa mbele. Ila wewe," akamgeukia tena mkwe, "sirudi nyuma ya kabati. Kitanda cha kukunja nalalia mgongo wa mtu gani? Kile chumba cha nyuma kina nini?"

Chumba cha nyuma kilikuwa na ripoti. Kituo kilipokosa pa kuziweka, Mdadisi Mkuu alizikaribisha kwake kwa muda, na muda ukawa mrefu: makasha kwa makasha ya matokeo kuhusu maji, mbolea na vyandarua, yamepangwa mpaka darini, mengi bado na utepe wake.

"Ripoti, mama."

"Za nani?"

"Za kila mtu."

"Basi kila mtu aje azichukue. Leo naingia mimi."

Hawakupingana naye. Shemeji na fundi walivua mashati, wakatoa makasha moja baada ya jingine na kuyapanga kwenye gari pale palipokuwa pametengewa sanduku. Shemeji alifungua moja, akasoma jalada, akasoma na nyuma.

"Nikazifanyie nini hizi?"

"Kuna shule huko kwenu," alisema Mdadisi. "Waone tulichogundua."

"Sisi ndio mliotuuliza," alisema shemeji. "Tulikuwepo." Lakini alizifunga kwa kamba vizuri, maana kamba alikuwa nayo, na mtu aliyekuja na gari hapendi kurudi na gari tupu. Alikula, akalalamika tena kuhusu mafuta, akamuaga mama yake mara tatu. Tenga la kuku likabaki, kwa amri.

Mchana wote walikwangua ukungu ukutani. Mama mkwe alisimamia, akasema rangi iliyobaki baada ya kupaka friji moja ya mteja ingetosha, fundi akasema hiyo ni ya mteja, mama akauliza mteja ni mpole au mwenye kelele. Chumba kikawa cheupe kama friji. Sanduku lilifunguliwa hatimaye, nguo zikatundikwa kwenye misumari, na ndani yake hamkuwa na siri yoyote, ila shuka tatu na sabuni iliyokauka.

Jioni chakula kilipoiva, mkwe alikwenda kumwita. Akakuta mlango umefungwa. Katika miaka yote ile mama mkwe hakuwahi kuwa na mlango. Mkwe alisimama, akatafuta pa kuweka mkono, kisha akabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.

Kitanda kililia ndani. Mama mkwe alimwacha abishe mara ya pili, ndipo akaitikia.